Uani Linaimba, Mlimani Linakohoa

Fundi Mkuu aliwasha gari lililoua watu wanne, akapiga resi mpaka vioo vya ofisi ya gereji vikatetemeka.

"Unasikia, Inspekta?" alipaza sauti juu ya mngurumo. "Injini mbovu inalia hivi?"

Inspekta alikuwa ameinama juu ya boneti iliyokunjika, mikono nyuma, kama mtu anayenusa chungu cha jirani. Vijana wa kituoni walimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuliza habari za watoto na magoti yako kwanza, na ukija kushtuka umeshasema ulikoficha maiti.

Gari lenyewe lilikuwa dogo la abiria, viti kumi na viwili, mali ya kiwanda cha vigae kilichoko juu ya mlima, ambacho gereji na bohari yake viko huku chini. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wafanyakazi wa zamu na kuwateremsha. Juzi mchana lilikuwa linalipita lori kwenye mwinuko, likakutana na basi. Pembe yake ya kushoto ilikuwa imebonyea hadi kwenye kiti. Rejeta ilipasuka, na maji yake ya kijani yaliruka na kukaukia kila mahali: juu ya betri, juu ya waya, hata juu ya panzi aliyenasa kwenye wavu.

"Zima, Fundi, litaungua," alisema Mkurugenzi wa kiwanda. Alisimama kivulini, mbali na mafuta, viatu vikimetameta. "Inspekta amesikia. Dada yangu, mimi sipendi kusema vibaya juu ya mtu wangu. Lakini fomu ya ukaguzi hiyo hapo, imejazwa asubuhi ya ajali. Na chupa hiyo, imetolewa chini ya kiti cha dereva. Kalewa, kapita mahali hapapitiki. Mwendesha mashtaka kaniambia anataka jalada saa kumi leo. Tumalize, watu wazike."

Uzembe wa dereva. Shangazi aliyajua maneno hayo kabla hayajatamkwa. Miaka kumi na tatu nyuma, katika kiwanda hiki hiki, mkanda wa mashine ulikula mkono wa msichana wa miaka ishirini. Ripoti ikasema uzembe wa mfanyakazi. Miaka tisa nyuma ukuta wa tanuru uliwaangukia wawili. Uzembe wa mfanyakazi. Msichana yule siku hizi anauza karanga kwa mkono uliobaki, na anayetaka kumwona akamwone. Ripoti ya kwanza iliandikwa na konstebo mpya aliyeambiwa "andika hivi", naye akaandika hivyo. Konstebo huyo sasa ndiye alikuwa Inspekta.

Aliichukua fomu. Breki: nzuri. Taa: nzuri. Presha ya turbo: moja nukta mbili. Mahali pa kupimia: uani. Sahihi: Fundi Mkuu.

"Magoti yanaendeleaje, mzee wangu?" aliuliza.

"Ya uzee tu, mama. Yanauma kukiwa na baridi."

"Pole. Hii presha ya turbo uliipima wewe?"

"Kwa mikono yangu hii."

"Gari likiwa linatembea?"

"Limesimama hapo chini ya banda. Gia huru, hendibreki juu, napiga resi, nasoma geji."

"Nionyeshe."

Fundi Mkuu alimtazama Mkurugenzi. "Hili rejeta imepasuka."

"Lina pacha wake lile pale," Shangazi alisema, akionyesha gari la pili la zamu, rangi ile ile, lililokuwa limeegeshwa langoni. "Na fomu yake nimeiona. Siku ile ile, moja nukta mbili. Tumia hilo."

Fundi hakuwa na pa kutokea. Alifunga geji kwa mpira mwembamba, akaipitisha dirishani, akakaa kwenye usukani, akakanyaga. Gari likanguruma. Sindano ya geji ilijikuna kidogo, ikakaa pale pale. Akakanyaga mpaka sakafuni, moshi ukatanda uani, wafanyakazi wa bohari wakatoa vichwa. Sindano haikufika hata nukta mbili.

"Geji yako mbovu," Mkurugenzi alisema.

"Ni geji ya kwenu, bwana. Mimi nimekuja na kalamu tu."

Fundi Mkuu alizima. Kila fundi duniani ana ugonjwa mmoja: hawezi kuvumilia kumwona mtu akidhani kifaa ni kibovu wakati kifaa kinasema kweli. Ugonjwa huo ulimshika.

"Geji nzima," alisema kwa hasira. "Tatizo turbo siyo feni ya umeme, kwamba ukiwasha inazunguka. Inazungushwa na moshi. Injini isiyo na kazi inakula mafuta kiduchu, inatoa moshi kiduchu, sasa turbo isukumwe na nini? Lazima injini ibebe mzigo! Jaza watu, pandisha mlima, kanyaga. Hapo moshi unatoka na moto wake, turbo inakimbia, hewa inashindiliwa ndani ya injini, nguvu zinakuja. Hapa uani ni kelele tupu, hata ukipiga resi mpaka kesho hupati—"

Akanyamaza. Alikuwa amechelewa kama pumzi moja hivi.

"Malizia, Fundi. Hapa uani hupati nini?"

Mkurugenzi alikagua viatu vyake.

"Hupati moja nukta mbili," Shangazi alimmalizia. "Sasa hiyo ya kwenye fomu ilitoka wapi?"

"Kitabuni," Fundi Mkuu alisema taratibu. "Kitabu cha gari kinasema likiwa zima linatoa moja nukta mbili. Nami naandika hiyo."

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

"Tangu lini?"

"Tangu yaletwe."

"Kwa nini hukulipeleka mlimani na watu ndani, ukapima kweli?"

Fundi alionyesha ukutani kwa kidevu. Pale, juu ya benchi la spana, palikuwa na tangazo ndani ya nailoni: GARI LA ZAMU HALITOKI UANI ILA KWA ZAMU. Sahihi ya Mkurugenzi chini yake ilikuwa kubwa kuliko maneno yenyewe.

"Ni kosa la makaratasi," Mkurugenzi alisema. "Nitampa onyo. Lakini tusitoke nje ya mada, dada yangu. Kujaza fomu vibaya hakumfanyi mlevi asiwe mlevi."

"Kweli kabisa." Shangazi aliinua ile chupa. Lebo ilikuwa ya pombe kali, na ndani mlikuwa na kitu cheupe-cheupe kufika nusu. Akafungua, akanusa, akamimina kidogo kiganjani, akasugua. Povu likainuka mpaka kwenye vidole.

"Hongereni," alisema. "Dereva wenu alikuwa analewa sabuni."

Kijana mmoja wa bohari alicheka, akaona uso wa Mkurugenzi, akaumeza mcheko wake.

"Ya nini hii, Fundi?"

"Ya kutafutia pancha," Fundi Mkuu alijibu haraka. "Unapaka kwenye tairi, hewa ikitoka unaona mapovu."

Shangazi aliitia chupa mfukoni mwa mkoba, akaaga kwa adabu, akaenda hospitali.

*

Dereva alikuwa amelala chali, mguu wa kulia umening'inizwa, mkono wa kushoto umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Miaka kumi na tisa ya usukani. Madereva wenzake walimwita Konokono, na wengine walikuwa wakimpigia honi kwa kumkejeli akiwa bado hajawasha.

"Mama amekuja?" lilikuwa neno lake la kwanza.

"Bado."

"Hatakuja." Alitazama dari. "Mkurugenzi alimtangulia nyumbani na koti jeusi. Akamwambia mkubwa kalewa, kamuua mdogo. Mdogo wangu alikuwa ndani ya gari, Inspekta. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi pale."

"Najua, baba. Pole sana."

"Mnifunge. Sina neno. Ila mama asiende kaburini akiamini hivyo. Hilo tu."

Shangazi alivuta kiti. "Niambie gari lilifanya nini. Si wewe. Gari."

Konokono alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, na pia baada.

"Lori la mchanga lilikuwa mbele, linatambaa. Nikatoka. Gari likavuta vizuri, likavuta, nikafika ubavuni kwa lori. Hapo likapiga *pshaa!* kama mtu kang'oa valvu ya tairi. Nguvu zikaisha. Nakanyaga mpaka sakafuni, halisikii. Kwenye kioo cha nyuma, moshi mweusi tii. Siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi, nyuma ya lori kuna magari. Halafu juu likatokea basi."

"Lilikuwa limewahi kufanya hivyo?"

"Siyo kupasuka. Kukohoa. Likijaa watu, kwenye mwinuko, linakosa pumzi. Nikamwambia Fundi Mkuu mara tatu. Mara zote analiwasha pale bandani, anapiga resi, ananicheka: 'Konokono, ubovu uko kwenye kiti.' Nikamwambia, Fundi, gari hili uani linaimba, mlimani linakohoa. Mara ya tatu ndiyo akaleta maji ya sabuni, akapaka mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye turbo. Tukakodoa macho. Halikutoka hata povu moja."

"Gari likiwa limesimama?"

"Limesimama, limewaka, halina mtu." Akageuza kichwa. "Mbona unatikisa kichwa?"

"Natikisa kwa sababu ndani ya mpira hamkuwa na presha ya kutoa povu. Na chupa ya sabuni?"

"Aliisahau kwenye gari. Nikaisukuma chini ya kiti isigaegae."

Muuguzi aliingia na toroli la dawa, akamwambia Inspekta kwamba maswali ya serikali yangoje, kidonda hakingoji.

*

Saa sita Shangazi alikuwa tena juu ya boneti iliyokunjika. Safari hii alijua anatafuta nini. Aliufuata mpira wa hewa kwa kidole: mweusi, mnene, urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko, unatoka kwenye turbo kwenda injini. Klipu zake mbili zilimeta.

"Fundi," aliita. "Mpira huu ulibadilishwa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Njoo karibu. Hapa kwenye betri, hii rangi ya kijani ni nini?"

"Maji ya rejeta. Yaliruka gari lilipogongwa."

"Na hapa kwenye waya?"

"Ni hayo hayo."

"Na panzi huyu maskini?"

"Ni hayo hayo, mama."

"Sasa nisaidie mimi mjinga. Maji yamerukia betri, yamerukia waya, yamemrukia hadi panzi. Mpira huu uko katikati yao wote, na hauna hata tone. Ni msafi kama kiatu cha mtoto siku ya kwanza ya shule. Maji yaliuheshimu?"

Fundi Mkuu alilamba midomo. "Labda ulifutwa."

"Na nani? Na kwa nini afute huo peke yake? Huu mpira haukuwepo gari lilipogongwa. Umefungwa baada ya ajali. Wa zamani uko wapi?"

"Usijibu," Mkurugenzi alisema kutoka mlangoni. Alikuwa na simu sikioni. "Wakili anasema usijibu. Inspekta, mpira mpya si jinai. Tulibadilisha ili gari liwake mlione. Kuna mtu anayeweza kusema wa zamani ulikuwa mbovu? Hakuna. Sasa naomba nafasi, lile gari jingine linapakia zamu saa saba na nusu."

Kwenye benchi la langoni walikuwa tayari wamekaa sita au saba, wameshika vibakuli vya chakula vilivyofungwa kwa kitambaa. Wanawake watatu, waliobaki wanaume. Juzi kwenye benchi hilo walikaa wale wanne. Hawa walijua, na bado walikuja. Wangefanyaje? Asiyepanda, hana kazi. Na kiwanda hakijawahi kukosa mtu wa kukaa juu ya benchi.

"Hilo ndilo nalichukua mimi," Shangazi alisema.

"Kwa sababu gani?"

"Fomu yako inasema ni zima. Nataka kulipandisha mlima likiwa na mzigo, lirudi zima, niandike kwamba fomu ni kweli. Au wewe mwenyewe huiamini?"

Mkurugenzi alifungua mdomo, akaona watu wa benchi wanamtazama, akaufunga.

Shangazi hakutaka watu ndani. Alichukua makatoni ya vigae bohari, kila moja kilo ishirini na tano zilizoandikwa ubavuni, akayapanga kwenye viti mpaka yakafika uzito wa abiria kumi na mmoja. Akafunga geji ile ile. Kisha akafungua mlango wa mbele.

"Panda, Fundi. Wewe ndiye msoma geji."

"Mimi nina kazi—"

"Hii ndiyo kazi. Panda, mzee wangu."

Alipanda kama anayepanda kizimbani. Kabla ya kuwasha, Shangazi alikwenda pembeni akaongea kwenye simu, maneno machache, akarudi.

*

Barabara ya mlimani ilikuwa na njia mbili tu, moja ya kupanda na moja ya kushuka, na kona zilizofichwa na miamba. Tambarareni gari lilikwenda bila neno.

"Soma."

"Nukta mbili."

Mwinuko ukaanza. Shangazi akashusha gia, akakanyaga. Injini ikabadili sauti, ikawa nzito, kama mtu aliyetwishwa gunia.

"Soma."

"Nukta tano." Fundi Mkuu alikuwa ameishika geji kwa mikono miwili. "Nukta saba. Inspekta, linapanda vizuri. Umeona. Turudi."

"Bado mlima haujaanza kuuma."

Mbele yao lilitokea lori, linatambaa, mzigo umefunikwa turubai. Shangazi alisogea nyuma yake. Kushoto mwamba, mbele kona. Kilichoko juu hakionekani. Fundi Mkuu alipajua mahali hapo. Vipande vya kioo vilikuwa bado vinang'aa kando ya lami.

"Soma, Fundi."

"Nukta tisa."

Akawasha taa ya kupita.

"Unafanya nini?"

"Napita."

"Hapa hapapitiwi!"

"Gari zima, Fundi. Moja nukta mbili, umeandika mwenyewe. Litavuta, tutapita kabla ya kona."

Alikanyaga, akageuza usukani, wakaingia upande wa wanaoshuka. Sindano ilipanda. Fundi Mkuu aliiachia geji ikaanguka miguuni.

"Rudi! Rudi nyuma, mama! Likivuka moja, mpira unaachia!"

"Mpira gani?"

"Wa kiraka! Nimeufunga kiraka! Haushiki likiwa na mzigo, rudi, kuna watu juu, tutakufa, rudi—"

*Pshaa!*

Ilikuwa kama alivyosema Konokono. Pumzi ilitoka ndani ya gari kwa mkupuo mmoja. Shangazi alikanyaga mpaka sakafuni. Mguu ulikuta utupu. Kioo cha nyuma kikajaa moshi mweusi. Lori likaendelea mbele taratibu, likawaacha, na wao wakabaki ubavuni mwa mlima, upande usio wao, wanasota, wanasota, mpaka injini ikazimika. Shangazi akavuta hendibreki.

Fundi Mkuu alikuwa amejikunja, mikono juu ya kichwa, magoti kifuani. Alikaa hivyo akingoja basi.

Basi halikuja.

"Fungua macho," Shangazi alisema. "Barabara imefungwa na trafiki tangu saa sita na nusu. Lori lile ni la polisi."

Mzee alifungua macho. Alitazama kona tupu. Kisha akaanza kutukana, matusi ya gereji, ya miaka arobaini, moja juu ya jingine, machozi yakitiririka. "Ungeniua kwa woga! Mimi mtu mzima! Huna huruma wewe?"

"Umetokwa na jasho, Fundi. Wale kumi na mmoja uliwaambia kwamba likivuka moja mpira unaachia?"

Fundi Mkuu akafungua mlango, akatapika juu ya lami.

Alipomaliza, alisema yote akiwa amekaa pembeni mwa barabara, mgongo kwenye tairi. Mipira ya magari yote mawili ilikuwa imepasuka miezi mitatu nyuma. Mipya ilikuwepo bohari, ndani ya maboksi. Kuibadilisha kulitaka kufungua mbele yote na kulilaza gari siku nzima, na gari la zamu halilali. Alikata kipande cha tyubu ya lori, akakizungushia, akakibana na klipu. Akapiga resi uani; kikashika. Bila mzigo hakuna presha, na bila presha hata kiraka cha karatasi kingeshika. Hilo alilijua. Alilijua kuliko mtu yeyote katika mji ule.

"Ulimwambia Mkurugenzi?"

"Nilimwambia kwa mdomo. Yeye haandikiwi. Akaniuliza, 'Linatembea halitembei?' Nikasema linatembea. Akasema, 'Basi unataka nini?'"

"Na mpira wa lile lililogongwa?"

"Usiku wa ajali aliniita. Akasema badilisha kabla hawajaja. Alikuwepo mwenyewe, Inspekta. Miaka yote simwoni akigusa grisi. Siku ile alinishikia spana. Ule wa zamani akaniambia nichome, akasimama mpaka ukawa majivu."

Shangazi aliandika kila neno, akamsomea, akaliweka daftari juu ya boneti yenye joto.

"Nikisaini nafungwa," Fundi Mkuu alisema.

"Ndiyo."

"Na yeye?"

"Nitamfungulia jalada."

"Sikukuuliza jalada, mama. Nimekuuliza kufungwa."

Upepo uliokuwa unashuka kutoka kwenye kona ulileta vumbi la kiwanda. Shangazi alikuwa na majibu mengi ya kipolisi, na hakuna hata moja lililokuwa kweli.

"Sina ahadi ya kukupa," alisema. "Nina kiraka hiki hapa, na nina sahihi yako ukiitoa. Kabla ya leo sikuwahi kuwa hata na hivyo."

Fundi alijifuta mikono kwenye ovaroli, kidole kimoja kimoja, kama anayetaka kula. "Lete kalamu."

Simu ya Shangazi iliita akiwa anakunja karatasi. Ilikuwa ni sauti ya Mkurugenzi. Hakuuliza kama kuna mtu ameumia.

"Saa saba na dakika arobaini hii! Zamu yangu itapandaje?"

"Itakaa kwenye benchi, bwana," Shangazi alisema. "Nawe ungoje hapo hapo nao. Kuna askari wawili wanakuja kukupa kampani."

*

Saa tisa na robo, ndani ya wodi, alifungua pingu. Konokono hakuusogeza mkono. Uliendelea kukaa juu ya chuma, kana kwamba haujapata habari.

"Mwendesha mashtaka nimempigia. Hakuna shtaka juu yako leo," Shangazi alisema. "Kesho siijui. Wana mawakili. Kwa mama nimemtuma Sajini akamwambie yote: kiraka, sabuni, Fundi. Kasema anakuja."

Konokono alifumba macho.

"Swali moja limebaki, la kufungia maelezo. Watu wote niliowauliza wanasema wewe hupiti hata mkokoteni. Siku ile kwa nini ulipita?"

Konokono aligeuza uso ukutani, mbali na daftari.

"Geti linafungwa saa nane kamili," alisema hatimaye. "Dakika moja ikizidi, siku yako imepotea. Nyuma walikuwa wanagombana na saa. Mdogo wangu alikuwa amekaa kiti cha mbele, hapa, ubavuni kwangu. Akanipiga bega: 'Kaka, pita bwana, leo tutafungiwa. Pita, mimi nakuangalizia juu.'" Alinyoosha pembe ya shuka. "Akachungulia. Akasema kweupe."

Kalamu ya Shangazi ilikuwa imeshaandika mstari mmoja.

"Hilo usiliandike," Konokono alisema.

"Linakusaidia. Mahakamani watakuuliza hilo hilo, na Mkurugenzi atalikalia kama kiti."

"Alikalie. Usiliandike, Shangazi. Nakuomba."

Mlango ulifunguka. Mama yake aliingia polepole, mwanamke mdogo wa umbo, khanga nyeusi imefungwa kwa nguvu kichwani. Hakumsalimu mtu. Alisimama miguuni pa kitanda, akaushika kwa macho tu ule mguu uliofungwa, kisha akamtazama mwanawe usoni.

"Wameniambia gari lilikuwa bovu."

"Ndiyo, mama."

"Wameniambia hukunywa."

"Sikunywa, mama."

"Hayo ni ya polisi. Langu mimi ni moja." Sauti yake haikupanda. "Wewe nimekuzaa mimi. Hata kuzaliwa ulichelewa wiki mbili, mkunga akaenda akarudi. Hujawahi kuwa na haraka na kitu katika dunia hii. Nani alikwambia upite?"

Konokono alimtazama Shangazi, kisha mama yake.

"Hakuna mtu, mama. Niliamua mwenyewe."

Shangazi aliukata kwa kalamu mstari aliouandika, mara moja, mara mbili, akafunika kalamu.

Mama alizunguka kitanda. Akavuta kiti cha chuma, akakaa, magoti yake yakigusa godoro. Mkono aliokuwa ameukunja kifuani tangu juzi aliushusha, akauweka juu ya shuka, karibu na wa mwanawe, bado haujagusa.

"Kwa hiyo mdogo wako hana kosa lolote."

"Hana, mama. Alikuwa amelala."